Upepo ukuchagulie rodi, samaki akuchagulie rili

Wadau wengi wanaoanza kuvua kwa rodi, ile fimbo ya kuvulia, wana swali moja tu, "nichukue rodi gani?", na ukiwarudishia maswali, unavulia wapi, mwezi gani, unamtaka samaki gani, wanaona kama unawazungusha. Hapo ndo penyewe sasa. Pwani yetu hii, kuanzia Lamu ushuke Malindi, Watamu, Kilifi, Shimoni, uvuke mpaka uje Tanga, Pemba, Unguja, Dar na Mafia, bahari inatawaliwa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na rodi iliyokupa raha Februari inaweza kukutesa Julai pale pale, mwamba ule ule, samaki wale wale.

Mimi natumia kanuni moja: upepo na mkondo ndo vinachagua rodi, samaki ndo anachagua rili, ile mashine ya kukunjia mshipi. Manake rodi kazi yake kubwa ni kubeba uzito, uzito wa chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi), wa jigi (chambo bandia cha chuma kinachozama), wa popa (chambo bandia kinachopiga kelele juu ya maji), na uzito huo unaamuliwa na bahari ya siku hiyo ilivyoamka. Rili kazi yake ni kubeba mshipi na kushika breki, yaani kuzuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, na hilo linaamuliwa na samaki, atakimbia mita ngapi, kwa kasi gani, na je anakimbilia maji wazi au anakimbilia shimo lake. Mtu anayechanganya haya mawili ndo unamkuta na rili ya bei mbaya kwenye rodi laini isiyoweza kunyanyua chubwi ya gramu 200, anabaki ananing'iniza tu.

Kabla hatujaenda kwenye miezi, angalia maandishi ya kwenye rodi yenyewe, karibu na mkono. Utakuta urefu kwa futi, utakuta nguvu ya mshipi kwa ratili (lb) au kwa namba ya PE, na utakuta gramu. Gramu ndo kitu cha kwanza kusoma na ndo kitu watu wanakiruka. Kama imeandikwa 60-150g basi usiitupie popa ya gramu 200 ukashangaa inavunjika, na usiitupie jigi ya 20 ukashangaa haiendi popote. PE ni unene wa braidi, yaani mshipi wa kusukwa, sio nguvu yake, PE 4 ni kama milimita 0.33, halafu nguvu inategemea braidi imesukwa vipi na kampuni gani, kwa hiyo usimsikilize muuzaji anayekwambia PE 4 zote ni ratili fulani. Kwenye rili kuna zile za spiningi zinazoning'inia chini ya rodi, hizo zina namba 2500, 4000, 6000, 8000, 14000, 20000, ukubwa unapanda hivyo, na kuna multiplaya zinazokaa juu ya rodi, hizo zinaitwa kwa ratili, 20, 30, 50, 80, 130. Ya spiningi ni ya kurusha, multiplaya ni ya kukokota chambo nyuma ya boti, yaani troli, na ya kushusha chini moja kwa moja. Kuna wanaorushia multiplaya vizuri tu lakini kama ndo unaanza usijitafutie mafundo.

Haya, pepo.

Kaskazi inaingia kama Novemba mwishoni au Desemba na inakaa mpaka Machi. Maji yanakuwa ya moto, ya buluu, safi, na samaki wa maji makubwa wanasogea. Mkondo wa pwani yetu huku kusini mwa Malindi unakwenda kaskazini mwaka mzima, haugeuki, ila wakati wa kaskazi unapungua nguvu kwa sababu upepo unaupinga. Hiyo ina faida na hasara. Faida ni kwamba ukivua chini kwenye kina cha mita 40 au 50 utafika na chubwi ndogo, gramu 100 mpaka 150 mara nyingi inatosha, kwa hiyo rodi nyepesi ya ratili 20-30 inafanya kazi na mkono hauchoki na unamsikia hata changu mdogo akidonoa. Hasara ni kwamba mkondo unapanda na upepo unashuka, vikikutana vinafanya mawimbi mafupi mafupi ya kusimama, hasa Januari na Februari mchana upepo ukishakaza, na hapo kwenye boti ndogo rodi ndefu ni adhabu, huna pa kuiegemeza na huwezi kusimama sawa. Rodi ya futi 6 mpaka 6.5 inatosha kabisa. Toka alfajiri, rudi kabla upepo haujapanda.

Masika, Aprili na Mei, mi sina mengi ya kusema. Upepo unageuka, mvua inapiga, mito inatema matope, pale Malindi Mto Sabaki ukishuka bahari inakuwa ya rangi ya udongo kilomita nyingi, na kwa Rufiji hivyo hivyo. Boti nyingi za kitalii zinapandishwa juu kurekebishwa. Kama mkono unakuwasha, kaa kwenye midomo ya vijito na mikoko na rodi ya futi 7, rili 2500 au 3000, lua (chambo bandia) ya rangi kali inayoonekana kwenye maji machafu, utapata kolekole wadogo. Huo pia ndo wakati wa kuosha vifaa na kubadilisha nailoni, ule mshipi wa uzi mmoja usiosukwa.

Sasa kusi. Kusi ndo inayotofautisha mvuvi mwenye vifaa sahihi na mwenye vifaa vya kupigia picha. Inaanza Mei hivi, inakaza Juni na Julai na Agosti, inalegea Septemba kuelekea Oktoba. Upepo unatoka kusini mashariki na mkondo unakwenda huko huko kaskazini, vinasukuma pamoja, na kwenye Mkondo wa Pemba, hapa kati ya Tanga na kisiwa, maji yanakwenda kama mto. Hapa lazima ujue unavua umetia nanga au unaelea, maana vifaa ni tofauti kabisa.

Ukitia nanga, boti imesimama na maji yanapita chini yako, mshipi unachukuliwa nyuma unakuwa mlalo badala ya kwenda chini. Pale ulipokuwa unatumia gramu 150 kaskazi, kusi utahitaji 300, 400, na siku za bamvua, maji makubwa, hata hiyo haifiki. Watu wanakimbilia kuongeza chubwi tu, lakini kuna njia ya pili ambayo ni nafuu: punguza unene wa mshipi. Maji yanasukuma unene, kwa hiyo nailoni ya ratili 50 inabebwa vibaya kuliko braidi ya ratili 50 ambayo ni nyembamba mno ukilinganisha. Ukihama kutoka nailoni kwenda braidi unaweza kurudi chini kwenye chubwi nusu yake. Bado rodi iwe na mgongo, ratili 50 kwa uchache, isomeke gramu 300 au zaidi, na ncha isiwe laini kiasi cha kupinda kwa chubwi yenyewe, kwa sababu ncha ikishapinda na chubwi huwezi tena kuona samaki akigusa.

Ukielea, boti inakwenda na maji, kwa hiyo mshipi unasimama vizuri zaidi, ila upepo unaisukuma boti kupita kasi ya maji ya chini na pia unapita juu ya mwamba upesi, dakika chache tu ushautoka. Kwa hiyo unataka kitu kinachoshuka haraka, kifike, kifanye kazi, kabla hujapita. Hapo ndo jigi ya chuma ya gramu 200 mpaka 300 iliyo nyembamba ndefu inapolipa, rodi fupi ya futi 5.5 mpaka 6 yenye kuhimili uzito huo, na rili yenye gia ya nguvu sio ya kasi, yaani mzunguko mmoja wa mkono unavuta mshipi kidogo lakini hauchoki. Ukichukua gia ya kasi na jigi ya gramu 300 kwenye kina cha mita 80 utaivuta juu chini mara kumi halafu utakaa chini uombe maji ya kunywa.

Na kuna akili ya tatu, ya wazee wa ngalawa, ambayo haihitaji hela: kwepa. Kusi ikipiga, upande wa magharibi wa Pemba na Unguja unakuwa kivulini, mawimbi ni madogo, unaweza kuvua na rodi yako ile ile ya kaskazi. Vivyo hivyo ndani ya miamba, maji yakiwa yamejaa. Na angalia mwezi, maji mafu mkondo unalala, bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 na yote hayo lazima yapite mahali. Mtu mwenye rodi nyepesi avue siku za maji mafu, mwenye rodi nzito ajaribu bamvua. Ukikutana na mzee anayevua kwa mshipi wa mkono, msalimie, "shikamoo mzee, maji leo yanakwendaje?", atakwambia kwa sentensi moja kitu ambacho simu yako na mitabiri yake haijui.

Ukivua nchi kavu kusi, kwa mfano kwenye miamba ya Coco Beach au pale Lighthouse Mombasa, upepo unakupiga usoni au ubavuni na unabeba mshipi hewani. Hapo rodi ndefu inarudi kuwa na maana, futi 10 mpaka 12 na chubwi ya gramu 100-150, rili 6000, braidi nyembamba. Kaskazi pale pale futi 9 na chubwi ya gramu 60 inakutosha, na tena raha zaidi.

Baada ya kusi kulegea, Oktoba na Novemba, tunasema matlai, bahari inatulia kama mafuta siku nyingine. Huo ndo msimu wangu. Kila rodi inafaa, yaani hapo upepo haukuchagulii tena, unabaki samaki peke yake anachagua, kwa hiyo twende kwa samaki.

Nguru kwanza, kwa sababu kila mtu anamtaka. Nguru anakimbia mara moja, kwa kasi sana, mbali, halafu anachoka. Hakimbilii mwamba. Mdomo wake unachanika na meno yake yanakata kila kitu. Kwa hiyo rili ya 6000 au 8000 yenye mita 250 mpaka 300 za mshipi, breki laini inayoanza kuteleza bila kugoma, na rodi ya futi 7 yenye ncha inayokubali kupinda, hiyo ndoana haitang'oka. Usikaze breki. Kilo 2 mpaka 3 inatosha kwa nguru wa kilo 10, mwache aende. Waya lazima, sentimita 30 hivi, mwembamba, na kama unatumia kibua hai weka ndoana mbili, moja puani na nyingine karibu na mkia, kwa sababu nguru anapenda kukata mkia kwanza halafu anarudi kula kilichobaki. Nguru ni mmoja kati ya wachache ambao nailoni ni bora kuliko braidi kwa maoni yangu, inavutika, inasamehe.

Mzia vile vile, waya, ila hana mbio ndefu, 5000 inamtosha.

Kolekole ni kinyume kabisa cha nguru. Kolekole mkubwa anakaa kwenye ukingo wa mwamba mahali wimbi linapovunjikia, akimeza popa anageuka kichwa chini kuelekea matumbawe na una sekunde chache tu za kuamua nani mwanaume. Hapa ulaini haukusaidii. Rodi ya popingi futi 7.5 mpaka 8, PE 6 mpaka PE 8, inayorusha gramu 80 mpaka 180, rili 14000 au 18000 au 20000, ile 14000 inabeba takribani mita 300 za PE 6, na breki unaiweka kilo 10 au zaidi kabla hujarusha, sio baada. Lida, kile kipande cha mshipi cha mbele karibu na ndoana, iwe ya nailoni ratili 130 mpaka 200, nene, kwa ajili ya kusuguana na matumbawe. Gia ya kasi hapa inafaa, mzunguko mmoja uvute zaidi ya mita 1, kwa sababu kolekole mara nyingi anakuja mbio akielekea kwako na mshipi unalegea. Popa inahitaji bahari isiyo na fujo ili ionekane na isikike, kwa hiyo matlai na siku tulivu za kaskazi. Kusi kali acha popa, chukua lua inayozama kidogo, popa itakuwa inarukaruka juu ya mawimbi tu. Na tafadhali kama mgongo wako una shida usianze na kolekole.

Kolekole wadogo, wa kilo 1 mpaka 4, ni habari nyingine, rodi ya futi 8 au 9 yenye gramu 15-40, rili 4000, braidi ratili 20, lida ratili 30-40. Hii seti ndo ningemshauri mtu yeyote anunue kwanza, nitaeleza mbele.

Jodari. Upande wa Watamu na Malindi msimu wao unafahamika, Agosti mpaka Oktoba, kusi ikianza kuachia, na kwenye Mkondo wa Pemba pia wanapita. Jodari haendi mbali sana kwa upande, anaenda chini, halafu anaanza kuzunguka duara duara, na kila duara anakurudisha ulikotoka. Wengi wanaumia hapa kwa sababu wana rodi ndefu. Rodi ndefu ni mzigo kwa mvuvi, samaki anakuwa na nguvu kukushinda wewe. Kwa jodari aliye chini ya boti unataka futi 5.5 mpaka 6, mgongo mgumu, ratili 50, na mkanda wa kiunoni. Multiplaya ya 30 kwa wa kilo 10-20, ya 50 kwa wale wa kilo 30 na kuendelea. Ukitaka kuwarushia wakiwa juu wanakula dagaa, rili ya spiningi 10000 au 14000, rodi futi 7.5, na lua ndogo inayofanana na hicho wanachokula, wakila dagaa wa sentimita 5 usiwapelekee lua ya sentimita 20, watakupuuza mpaka ulie. Sehewa, wale wadogo wa familia hiyo hiyo, ni mazoezi mazuri, rili 4000 au 5000, jigi gramu 30-40, vuta kwa kasi yote uliyo nayo.

Sulisuli, wengine wanamwita mbasi, anakuja kwa wingi Novemba mpaka Januari upande wa Malindi na Watamu. Watu wakiona ile pezi wanadhani wanahitaji rili ya kuvutia meli. Hapana. Sulisuli wa huku ni wa kilo 20 mpaka 35 hivi, anaruka sana, anakimbia mbali, lakini hana nguvu ya kuzama kama jodari. Multiplaya ya 20 au 30, yenye mita 500 na zaidi, rodi nyepesi inayokubali kupinda, breki kilo 3 mpaka 4. Akiruka, inamisha rodi umpe mshipi. Tumia ndoana ya duara ili ashikwe pembeni mwa mdomo, kisha umwachie, African Billfish Foundation pale Watamu wana mpango wa miaka mingi wa kuwawekea alama na kuwaachia, muulize nahodha kama ana alama hizo botini.

Nduwaro, kuanzia Januari mpaka Machi ndo wakati wao. Mi nasema hivi, usinunue vifaa vya nduwaro. Multiplaya ya 80 au 130 ni pesa ya pikipiki na utaitumia mara chache maishani. Nahodha wa boti ya kukodi anavyo, lipia safari, kaa kwenye kiti, vuta. Faulusi wanapatikana humo humo kwenye troli ya kaskazi, kila ukiona mti au boya linaelea pita karibu, na kwao ile multiplaya ya 20 ni raha tupu.

Chini kwenye mwamba kuna changu, chewa na jamaa zao, na hapa ndo wengi wetu tunapovua siku nyingi. Changu wa kawaida kina cha mita 20 mpaka 60, rodi futi 6.5 ratili 20-30, rili 5000 au multiplaya ndogo, braidi ratili 30, lida ratili 40 au 50. Chambo ngisi au kipande cha kibua. Chewa ni mwenye nyumba, akimeza anarudi ndani kwake, na akishaingia anapanua mashavu na mapezi, ndo basi, kata mshipi uende. Mita 5 za kwanza ndo vita vyote. Kwa hiyo hata kama mshipi wa mita 100 ungetosha kwa chewa, breki na rodi lazima viwe vya kolekole, ratili 50-80, na usisubiri akile chambo vizuri, akigusa nyanyua. Ona sasa, changu na chewa wanakaa mwamba mmoja, chambo kimoja, ila rili mbili tofauti. Ukiwa na moja tu, chukua ya chewa, utapoteza utamu wa changu lakini hutapoteza chewa.

Walioko bara wananiuliza sangara. Kwa kifupi, sangara hana meno ya kukata, kwa hiyo hakuna haja ya waya, ila mdomo wake unakwaruza kama msasa, weka lida ya nailoni ratili 60-80. Rodi futi 7 ratili 30, rili 6000 mpaka 8000, na lua kubwa inayozama. Ukivua ukingoni kwenye maji yanayokimbia, kama kule Murchison Uganda, ongeza ukubwa wa rili, maana akiingia kwenye mkondo huwezi kumfuata na boti.

Turudi kwenye breki kidogo maana nimetaja kilo kilo tu. Usipime kwa kuvuta na mkono, mkono unadanganya. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, funga mwisho wa mshipi, mwenzako aivute huku rodi ikiwa imepinda, soma pale breki inapoanza kuteleza. Anza na theluthi moja ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa ratili 30 breki ratili 10, ambayo ni kama kilo 4.5. Ukivua kwenye matumbawe unapandisha, kwenye maji wazi unashusha. Na jua kitu hiki ambacho wengi hawajui: mshipi ukipungua kwenye rili, breki inakaza yenyewe bila wewe kugusa. Mzingo wa mshipi ukibaki nusu ya upana wake wa mwanzo, breki inakuwa mara mbili. Ndo maana nguru au sulisuli akishakimbia mbali unasikia "tap!" na kila mtu anamlaumu fundi wa mafundo. Akienda mbali, legeza, usikaze. Ndo maana pia rili isiyojazwa mshipi vizuri ni hasara tangu mwanzo, jaza mpaka ibaki kama milimita 2 hivi kufika ukingoni.

Sasa hela. Kama una uwezo wa seti moja tu, chukua futi 8, gramu 15-40 au 20-50, rili 4000 au 5000, braidi ratili 20 au 30. Utavua nchi kavu, mikokoni, ndani ya miamba, kolekole wadogo, sehewa, mzia wadogo, mwaka mzima, na kusi utajificha kivulini kama nilivyosema. Ya pili iwe rodi fupi ya chini na jigi, futi 6, ratili 50, gramu mpaka 300, na rili 8000 ya gia ya nguvu yenye takribani mita 300 za PE 4. Hii inakupitisha kusi, inamshika chewa wa kawaida, na ukiilegeza inamvua nguru. Seti ya kolekole na troli ni baadae, ukishajua unapenda nini. Usinunue rili kubwa ya bei rahisi. Rili ndogo ya bei rahisi inavumilika lakini rili kubwa ya bei rahisi breki zake zinaungua kwa samaki mkubwa wa kwanza, bora uchukue kubwa iliyotumika ya kampuni inayojulikana.

Ukinunua iliyotumika, Mombasa na Dar zipo, mara nyingi zinatoka kwa wageni wanaoondoka, fanya hivi: zungusha mkono taratibu usikilize kama kuna mchanga ndani, vuta mshipi breki ikiwa imekazwa nusu na uone inateleza sawa au inakwamakwama, angalia kile kigurudumu kidogo mshipi unapopitia kama kinazunguka, kikigoma kinakata braidi. Kwenye rodi pitisha pamba ndani ya kila pete, pamba ikinasa kuna ufa, na ufa huo utakula mshipi wako wote. Piga bei kwa hayo.

Leseni kata, Kenya na Tanzania zote zinataka, na usivue ndani ya hifadhi za bahari, zile za Malindi na Watamu na Kisite ni marufuku, Mafia kuna maeneo yamegawanywa kwa hiyo uliza kabla.

Chumvi ndo adui wa mwisho. Ukirudi, kaza breki kwanza ili maji yasiingie ndani, mwagia maji yasiyo na chumvi taratibu, usipige na mpira wa maji wa nguvu, hiyo inasukuma chumvi ndani. Futa, kausha kivulini, halafu legeza breki kabisa kabla ya kuweka, ukiiacha imekazwa vile visahani vya ndani vinagandana na safari ijayo breki itagoma mwanzoni, mahali nguru anapokatia. Kusi ongeza umakini na mchanga, upepo unaupeperusha unaingia kila mahali, usilaze rili ufukweni hata dakika moja, ining'inize au ishike mtu. Kaskazi adui ni jua, nailoni ikikaa juani msimu mzima inakuwa ngumu na kukatika hovyo, ibadilishe masika. Braidi yenyewe inadumu, ukiona mita 20 za mbele zimechanuka manyoya kata, na ikizeeka sana igeuze, ule upande wa ndani uje nje, bado ni mpya.